Tarehe 3/4 ni Aprili au Machi? Mwezi usiotajwa kwa jina huweza kupoteza haki ya mtu

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

BIDHAA zinazovushwa kwa kivuko kutoka Mwanza mjini hadi Kamanga, na kutoka hapo kushika barabara ya Sengerema, zimetoka pande nyingi za dunia. Katika gari moja huweza kuwamo dawa zilizotengenezwa India, maziwa ya unga ya watoto kutoka Ulaya, vyakula vya makopo vilivyopitia Dubai, vipodozi vya Marekani na biskuti za China. Aghalabu kila kasha lina tarehe, lakini tarehe hizo hazikuandikwa kwa kanuni moja. Kasha hili limepigwa chapa 03/04/2027, lile 2027.04.03, na la tatu lina tarakimu nne tu: 04/27.

Mtanzania aliyesoma katika shule zetu ataisoma 03/04/2027 kuwa ni tarehe 3 Aprili. Mmarekani ataisoma kuwa ni tarehe 4 Machi. Kila mmoja amesoma sawasawa kwa kanuni ya kwao, na baina yao pana siku 30. Ndani ya siku 30 dawa hupitwa na muda, deni huiva, viza hufikia kikomo, na hesabu ya eda ya mjane huharibika. Kwa hiyo jambo hili, ingawa huonekana dogo, linaingia moja kwa moja katika nyumba zetu.

Ukubwa wake unaweza kupimwa kwa hesabu nyepesi. Tarehe yenye siku ya 13 na kuendelea haina utata, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13 katika kalenda hii. Msiba wa meli ya MV Bukoba, ambao watu wa Mwanza hawawezi kuusahau, ulitokea 21/5/1996. Hakuna atakayeitafuta tarehe hiyo katika mwezi wa 21. Lakini siku 12 za mwanzo za kila mwezi zinaweza kusomwa kwa njia mbili. Miezi 12 mara siku 12 ni siku 144. Ondoa zile 12 ambazo siku na mwezi vina namba moja, kama Saba Saba na Nane Nane, ambazo husomeka vilevile ukianzia upande wowote. Zinabaki siku 132, yaani zaidi ya theluthi ya mwaka mzima.

Siku mbele: desturi yetu ilikotoka

Wengi hudhani kwamba kutanguliza siku tulifundishwa na Waingereza peke yao. Sivyo hasa. Neno lenyewe, tarehe, tumelipata katika Kiarabu. Barua za Waswahili wa karne ya 19, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zilitaja siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka wa Hijra. Wajerumani walipoitawala Tanganyika walikuja na desturi hiyohiyo, ila wao walitenganisha namba kwa nukta. Waingereza waliowafuatia nao walitanguliza siku na kutumia mkwaju. Wabelgiji upande wa Kongo walifanya vivyo hivyo. Ndiyo maana leo, ukilizunguka Ziwa Victoria kutoka Mwanza hadi Bukoba, ukaingia Uganda na kurudi kwa njia ya Kisumu, hutakuta mwandiko mwingine katika ofisi wala katika maduka.

Wamarekani walishika njia yao. Waingereza waliohamia huko walikuwa wakiandika tarehe kwa namna zote mbili. Tangazo la uhuru la Marekani la mwaka 1776 linatanguliza mwezi: Julai, kisha 4. Desturi hiyo ilikita mizizi huko, na hali Uingereza yenyewe ilielekea kwenye kutanguliza siku. Matokeo yake ni kwamba msiba wa Septemba 11, 2001 huitwa na Wamarekani 9/11, namba ambazo mtoto wa Kitanzania asiyeambiwa atazitafuta tarehe 9 Novemba. Vivyo hivyo, mlipuko wa Dar es Salaam na Nairobi wa 7/8/1998 utaukuta katika maandishi yao kama 8/7/1998.

China, Japani na Korea huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Fikra yao ni kushuka kutoka kikubwa hadi kidogo, kama waandikavyo anwani: kwanza jimbo, kisha mji, kisha mtaa, na mwisho jina la mtu. Hungaria iliyoko Ulaya na Irani yenye kalenda yake ya jua nazo hutanguliza mwaka. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kanuni namba 8601 inayofuata mpangilio huo: 2027-04-03. Kompyuta huupenda, kwa sababu ukizipanga namba kwa ukubwa wake, siku nazo hujipanga kwa kufuatana.

Sisi nao tumekwisha kuubeba mpangilio huo mifukoni. Tazama namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA: tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Fungua pasipoti ukurasa wenye picha, utazame mistari miwili ya chini: tarehe ya kuzaliwa humo imeanza na mwaka. Mtu mmoja, basi, ana cheti kilichotanguliza siku na kitambulisho kilichotanguliza mwaka, na akijaza fomu ya Marekani ataambiwa atangulize mwezi. Anayejaza kwa mazoea bila kuyasoma maelekezo hujizaa mara mbili katika karatasi, na kazi ya kuzipatanisha karatasi hizo huwa ndefu kuliko kazi ya kuzijaza.

Mwezi wa sita ni upi?

Msomaji asidhani kwamba utata huu umeletwa na wageni tu. Umo pia katika miezi yetu ya mwandamo. Kwa hesabu ya Waarabu, mwezi wa kwanza ni Muharram na Ramadhani ni wa tisa. Lakini wazee wa pwani waliihesabu miezi kuanzia pale saumu inapofunguliwa. Shawwal wakaiita Mfunguo Mosi, ambao wengi siku hizi hutamka Mfungo Mosi, wakaendelea hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Hesabu hiyo ilisafiri na misafara ya karne ya 19 kupitia Tabora, na hata bara watu waliijua.

Kwa hiyo Maulidi, tarehe 12 Rabiul Awwal, ni 12 Mfungo Sita kwa mzee wa Kiswahili, na ni 12/3 kwa Mwarabu. Akiandika mtu 12/6 bila kulitaja jina la mwezi, mzee atafikiri ni Maulidi, na Mwarabu atafikiri ni Jumadal Akhira, miezi mitatu baadaye. Idil Haji ni siku ya kumi ya Mfungo Tatu. Mwarabu ataiandika 10/12. Si kwamba mmoja amekosea. Ni hesabu mbili, na kila moja ina wenyewe.

Kuna na upande wa jicho. Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Katika mwandiko huo siku huwekwa kulia, mwezi katikati, na mwaka kushoto. Aliyezoea kusoma kutoka kushoto huuona mwaka kwanza, akadhani mpangilio umegeuzwa. Vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi Omani na Saudia huwekewa mikataba yenye mwandiko wa namna hiyo, na baadhi yake ina mwaka wa Hijra pamoja na wa Miladi. Ni wajibu wa mzazi na wa kijana mwenyewe kuuliza kabla ya kutia saini: mkataba huu unakwisha mwezi gani, wa kalenda ipi?

Hati ya Shaabani

Wanahistoria wa Kiislamu wamepokea kisa kinachofaa kukumbukwa hapa. Katika ukhalifa wa Umar bin Khattab (r.a.), aliletewa hati ya deni iliyotaja kwamba malipo ni katika Shaabani. Umar akauliza: ni Shaabani ipi, iliyopita, hii tuliyomo, au ijayo? Imepokewa pia kwamba Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alimwandikia kuwa barua zinawafikia zikiwa hazina tarehe ya kutegemewa. Umar akawakusanya masahaba, wakashauriana waanze kuhesabu miaka kutoka tukio lipi, na wakakubaliana juu ya Hijra ya Mtume (s.a.w.). Wapokezi wametofautiana kama ilikuwa mwaka wa 16 au wa 17 baada ya Hijra hiyo.

Ukikizingatia kisa hiki utaona kwamba kalenda yetu haikupangwa kwa ajili ya sherehe. Ilipangwa kwa sababu haki za watu zilikuwa zinapotea katika karatasi isiyosomeka kwa maana moja. Aya ya 282 ya Suratul Baqarah, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu jambo hilohilo: deni la muda maalumu liandikwe, na muda wake ujulikane.

Wavuvi wa dagaa katika ziwa letu wanalielewa jambo hili kwa kazi yao. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapowaka sana wavuvi hupumzika. Kwao mwezi wa mwandamo ni ratiba ya kazi. Sasa tuseme mvuvi amekopa fedha za nyavu, akaahidi kulipa giza litakapoingia. Ni giza la mwezi huu, au la mwezi ujao baada ya mavuno ya kwanza? Swali la Umar linarudi vilevile, na safari hii liko ufukweni Kamanga.

Ndani ya nyumba

Tuanze na dawa. Dawa nyingi huandikwa mwezi na mwaka tu mbele ya herufi EXP. Alama 04/27 maana yake ni Aprili 2027, na dawa hiyo hutumika mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo, ikiwa imehifadhiwa ipasavyo. Palipo na tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha, zisome zote mbili pamoja, kwa kuwa moja huifafanua nyingine: ikiwa ya kutengenezwa ni 25/03/2025, basi mtengenezaji huyo ametanguliza siku, na ya kwisha itakuwa imefuata mtindo huohuo. Mwaka ukiwa mbele, namba inayofuata aghalabu ni mwezi. Ukibaki na shaka, muulize muuzaji wa duka la dawa; naye asipojua, ihesabu ile tarehe iliyo karibu zaidi kuwa ndiyo ya mwisho. Kwa maziwa ya mtoto mchanga, usikisie kamwe.

Kadi ya kliniki nayo ina tarehe ya kurudi. Mama asiondoke dirishani kabla ya kuisikia ikitamkwa: siku gani ya juma, tarehe ngapi, mwezi upi. Siku ya juma ni shahidi mzuri, kwa kuwa tarehe ikigeuzwa, mara nyingi siku ya juma hukataa kukubaliana nayo.

Kisha eda. Mjane asiye mjamzito hukaa miezi minne na siku kumi, nayo ni miezi ya mwandamo. Anayehesabu kwa kalenda ya ukutani hujiongezea siku kadhaa, kwa sababu miezi minne ya mwandamo ni takriban siku 118, na hali ile ya ukutani hufika 120 au zaidi. Aidha, kwa hesabu yetu siku huanza jua linapotua. Aliyefariki Alhamisi saa mbili usiku amefariki usiku wa kuamkia Ijumaa, ingawa karatasi ya hospitali itaandika Alhamisi. Na iwapo karatasi hiyo imeandikwa 5/6 pasipo jina la mwezi, na jamaa wa marehemu wanaishi ng'ambo wakasoma kinyume, mjane ataingizwa katika mabishano asiyostahili wakati wa huzuni. Familia iandike siku hiyohiyo, kwa kalamu, tarehe zote mbili: ya Hijra na ya Miladi, pamoja na saa.

Hali ni hiyo kwa wosia, kwa mahari iliyocheleweshwa, na kwa deni baina ya ndugu. Watu waliopendana huona haya kuulizana tarehe kamili, na haya hiyo ndiyo inayozaa ugomvi baada ya mmoja wao kufariki.

Dawa yake haina gharama. Hatuwezi kuwalazimisha Wamarekani watangulize siku, wala Wachina wauache mwaka nyuma. Lakini kila mmoja wetu anaweza kuliandika jina la mwezi: 3 Aprili 2027, 12 Rabiul Awwal (Mfungo Sita). Herufi chache hizo huziba mwanya ambao namba mbili huuacha wazi. Mwalimu wa madrasa na mwalimu wa shule wawazoeze watoto hivyo, na katibu wa kila kikundi cha kuweka na kukopa afungue daftari lake leo akaitazame mikopo ambayo haijalipwa: je, mtu asiyemfahamu angeisoma tarehe ile kama yeye alivyokusudia? Kama sivyo, wahusika wangali hai, na waitwe waisahihishe pamoja.

Wallahu a'lam.