Kabla ya Kumlaumu Jirani, Angalia Sahani ya Paka

Vikundi vingi siku hizi vinaweka mahindi pamoja vikingoja bei ipande. Dumuzi tunapambana naye kwa unga wa dawa, au kwa yale magunia yasiyopitisha hewa. Lakini panya hatishwi na unga huo, na magunia yenyewe anayatoboa. Gunia la aina hiyo likishatobolewa, hewa inaingia na kazi yake imekwisha. Kwa hivyo mlinzi wa ghala bado ni paka, na haombi mshahara.

Ajabu ni kwamba mara nyingi paka huyo tunamuua sisi wenyewe hapo jikoni bila kujua, halafu tunasema ni jirani amemtegea sumu. Watu wa kikundi kimoja wanaweza kukosa kusalimiana mwaka mzima kwa sababu ya paka aliyekufa. Basi hebu tuangalie kwanza kile tunachomlisha.

Paka si mbwa mdogo

Mbwa amekaa na binadamu muda mrefu hata tumbo lake likazoea ugali. Paka ameumbwa kula nyama: panya, ndege, panzi. Ini lake halina uwezo wa kuvunja kemikali nyingi za mimea na madawa ambazo ini la mtu au la mbwa huzivunja bila shida. Kitu ambacho wewe unakula kila siku, kwake kinabaki mwilini kikiharibu. Ukishaelewa hilo, mengine yote yanafuata.

Kitunguu ndicho adui wa kwanza, kwa sababu ndicho kilicho katika kila sufuria. Kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka mpaka zinapasuka. Hapa watu hukosea wakifikiri ni kitunguu kibichi tu. Kikipikwa, kikikaangwa au kikikaushwa, sumu hiyo haiondoki, na mchuzi wenyewe unayo. Kitunguu saumu ni kikali zaidi. Kiasi cha gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wa paka kinatosha kuleta madhara. Maana yake, paka wa kilo 3 anadhurika kwa gramu 15, na hiyo haifiki hata robo ya kitunguu cha kawaida. Tena si lazima ale kwa siku moja. Mchuzi kidogo leo, kidogo kesho, damu inaendelea kupungua.

Dalili huchelewa siku kadhaa, na ndiyo maana hakuna anayekumbuka mchuzi. Paka analegea, anapumua haraka, hataki kula. Mfungue mdomo utazame ufizi: kama umekuwa mweupe badala ya kuwa na rangi ya waridi, damu imepungua. Mkojo nao unaweza kuwa na rangi ya chai ya rangi. Ukiona hivyo usingoje kesho.

Dawa ya jambo hili ni rahisi na haina gharama. Toa fungu la paka kabla ya kuweka kitunguu. Kichwa cha samaki au omena kidogo, chemsha kwa maji matupu, mpe. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, kwa sababu hupasuka vipande vikali na kumchoma ndani.

Wengine watasema, "Wangu nampa ugali na maziwa tu." Hiyo pia si nzuri. Paka wengi wakishakuwa wakubwa, maziwa ya ng'ombe huwaharisha. Na ugali hauna taurini, kitu ambacho paka hukipata kwenye nyama na samaki. Akikosa taurini muda mrefu macho yanaharibika, na mwaka wa 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hata misuli ya moyo hulegea. Tena usimnyime chakula ati ndiyo awinde vizuri. Paka aliyeshiba bado huwinda, na tena hakai mbali na boma.

Na kama ugali ni wa mahindi yenye ukungu, usimpe kabisa. Sumu hiyo ya ukungu ndiyo iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka wa 2004. Isiyofaa kwa watoto wako haifai kwa paka, wala kwa ng'ombe, maana hupita hadi kwenye maziwa.

Vidonge vya maumivu

Huyu ni muuaji mwingine, na anakuja kwa sura ya huruma. Paka anachechemea, mtoto anamhurumia, anamvunjia kidonge cha paracetamol. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka. Baada ya saa chache ufizi unageuka rangi ya kahawia au bluu, uso na miguu vinavimba. Hakuna kipimo kidogo ambacho ni salama kwake. Waambie watoto waziwazi.

Maua

Wale wanaopamba kanisa wakati wa Pasaka wanalijua yungiyungi, lile ua kubwa la umbo la tarumbeta, lenye unga wa manjano au kahawia katikati. Ni zuri, lakini kwa paka ni hatari kuliko karibu ua lolote lingine. Jani, petali, hata ule unga ukimwangukia manyoya akajilamba, au akinywa maji ya chombo cha maua, figo zake zinaweza kufa kwa muda wa siku 3. Kwa hivyo ibada ikiisha, maua hayo yasibebwe nyumbani penye paka. Waridi halina neno, peleka.

Kuna ua jingine jeupe la umbo la funeli linaloota penye majimaji katika sehemu za baridi. Hilo watu hulichanganya na yungiyungi, ila lenyewe huchoma mdomo na ulimi, haliui figo. Ni sawa na lile ua la kopo la sebuleni lenye majani makubwa yenye madoa meupe. Akilitafuna utaona anadondokwa na mate. Utomvu mweupe wa mnyaa wa ua nao huunguza macho. Mbegu za mbarika zina sumu kali, hata kwa watoto. Na wale wanaoweka shubiri kwenye maji ya kuku, wafunike: paka akinywa ataharisha vibaya.

Kuhusu sumu ya panya nitasema moja tu: kikundi kichague, paka au sumu. Paka hula panya aliyelewa sumu kwa sababu ndiye rahisi kushikwa. Ukiweka vyote viwili, utabaki bila paka, na panya watarudi.

Akishakula sumu

Usimmiminie maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Maziwa hayazimi sumu, mafuta yanaweza kuingia mapafuni, na chumvi nyingi yenyewe humuua. Usimtapishe mwenyewe. Kama ni unga wa yungiyungi kwenye manyoya, muoshe mara moja kwa maji na sabuni, mkaushe, asijilambe. Mtie kwenye katoni yenye matambara, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Tangu 2013 huduma hizo ziko chini ya kaunti, kwa hivyo uliza katika ofisi ya wadi yako namba ya afisa wa mifugo leo, kabla hujaihitaji, na uiandike ukutani ghalani. Siku ya shida beba jani lenyewe au karatasi ya dawa, na umwambie amekula nini, kiasi gani na saa ngapi.