Ukoma: Kinga ya mwili inapoigeukia mishipa ya fahamu

Ukoma unatibika, na dawa zake hutolewa bure. Hata hivyo, nchini Tanzania na katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ambako wagonjwa wapya hugunduliwa kila mwaka, wapo wanaopata ulemavu ambao ungeweza kuzuiwa.

Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa nchini Norway na daktari Gerhard Armauer Hansen mwaka 1873, hujificha ndani ya seli zinazoifunika mishipa ya fahamu. Huzaliana polepole mno, na kinga ya mwili yaweza kukaa miaka mingi bila kumshambulia vikali.

Kinga inapozinduka, huyavamia maficho hayo. Mshipa huvimba, hubanwa na kupoteza nguvu: mkono hufa ganzi, vidole hujikunja, jicho hushindwa kufumba.

Hali hiyo huweza kutokea kabla ya matibabu, wakati wa matibabu, au hata baada yake. Baadhi ya wagonjwa hudhani wamedhuriwa na dawa, wakaziacha. Kufanya hivyo ni hatari. Dawa mseto, zinazomezwa kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ukoma, humwua bakteria. Prednisoloni huongezwa ili kuituliza kinga.

Mshipa uliodhoofika kwa muda usiozidi miezi 6 una nafasi kubwa zaidi ya kupona. Kwa hiyo anayehisi ganzi au udhaifu mpya anapaswa kufika kituo cha afya mapema, huku akiendelea na dawa zake.