Dawa Iliyomo Mfupani: Selimundu na Tumaini la Watoto Wetu

Safari moja tulipokuwa Kishapu, katika mkoa wa Shinyanga, mzee mmoja alitungoja nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Tulipokwisha kusalimiana na kujuliana hali, alituambia: "Wanangu, mjukuu wangu ana selimundu. Mifupa humwuma usiku hata nyumba nzima hailali. Kijana mmoja atokaye mjini ameniambia kwamba siku hizi iko tiba ya seli shina, na mtoto akitibiwa hupona kabisa. Ninao ng'ombe 12. Je, niwauze?"

Siku ile hatukuwa na jawabu. Tulimwomba atupe muda tuwaulize wenye kujua. Haya ndiyo tuliyoyapata, nasi tumeona tuyaandike hapa, kwa sababu swali la mzee yule ni swali la nyumba nyingi za Shinyanga, Geita na Mwanza.

Maradhi yenyewe

Selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, si laana wala si uchawi. Ni kasoro iliyomo katika damu, ambayo mtoto huirithi kwa baba na mama kwa pamoja. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni mviringo na laini, kwa mgonjwa hujikunja mfano wa mundu wa kukatia majani. Zikijikunja huziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapoanza. Kadhalika hufa upesi, ndiyo maana mtoto hupungukiwa na damu na macho yake huwa manjano.

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliyaeleza maradhi haya katika vitabu vya tiba. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi kasoro hii kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, tena hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Basi tusistaajabu kuyaona maradhi haya yamekita mizizi katika nchi zetu za mbu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wa selimundu duniani. Hukadiriwa kwamba huzaliwa wapatao 11,000 kila mwaka. Na huku Kanda ya Ziwa, katika kila watu 5, yapata 1 huwa amebeba kasoro hii bila ya kujua.

Seli shina ni nini?

Ndani ya mifupa yetu umo uloto, na ndani ya uloto zimo chembe ziitwazo seli shina. Hizi ni mama wa damu. Kila chembe ya damu iliyomo mwilini asili yake ni hizo. Shina likiwa na kasoro, matawi yote hutoka na kasoro. Kwa hiyo matabibu walifikiri hivi: tukiweza kuling'oa shina bovu na kupanda zima mahali pake, damu itakayotoka baadaye itakuwa nzima.

Mwaka 1984 ilitangazwa huko Marekani khabari ya binti wa miaka 8 aliyekuwa na saratani ya damu pamoja na selimundu. Alipandikizwa uloto kwa ajili ya ile saratani, na selimundu nayo ikaondoka. Tangu hapo tiba hii imeendelea. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, juu ya wagonjwa 1,000 waliopandikizwa uloto wa ndugu zao waliolingana nao, ulionyesha kwamba zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa hai baada ya miaka 5.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mgonjwa hupewa dawa kali za kuuondoa uloto wake. Nduguye hulazwa usingizi, na uloto huvutwa kwa sindano katika mfupa wa nyonga; wake hurudi tena wenyewe baada ya muda. Kisha mgonjwa hutiwa uloto ule kwa mshipa, kama mtu anayetiwa damu, na zile seli shina huitafuta njia yake mpaka mfupani. Humo hukaa, na baada ya wiki chache huanza kazi. Anayetafakari na azingatie hikima ya Muumba.

Je, tiba hii iko kwetu? Naam, iko. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, kwa wagonjwa wa saratani ya uloto waliorudishiwa seli zao wenyewe. Na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wa selimundu uloto wa ndugu zao.

Vizuizi vilivyo njiani

Lakini kati ya Kishapu na chumba kile cha Dodoma kuna milima kadhaa ya kupanda.

Mlima wa kwanza ni kupata ndugu anayelingana. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hulingana kwa nafasi 1 katika 4. Tena sharti yeye mwenyewe asiwe mgonjwa wa selimundu. Ukizihesabu nafasi hizo mbili pamoja, kila ndugu mmoja ana nafasi 3 katika 16 za kufaa. Wengi hukosa.

Mlima wa pili ni mali. Tiba hii hugharimu makumi ya milioni za shilingi, hata hapa nchini. Ardhi ya Kishapu imetoa almasi ya Mwadui tangu mwaka 1940, na Geita yatoa dhahabu. Lakini mkulima wa pamba anayeishi juu ya utajiri huo huziona fedha hizo kama nyota za mbinguni. Iko tiba nyingine mpya, ya kurekebisha vinasaba vya seli shina za mgonjwa mwenyewe, iliyoruhusiwa Uingereza na Marekani mwaka 2023. Hiyo bei yake ilipotangazwa Marekani mwaka 2023 ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja!

Mlima wa tatu ni hatari. Dawa zile kali huweza kuondoa uwezo wa kuzaa. Magonjwa mengine humvizia mtoto wakati hana kinga. Na pengine uloto mgeni huupiga vita mwili uliouingia. Mzazi hukaa karibu na hospitali miezi mingi, na shamba lake limelala.

Na tahadhari moja, ndugu msomaji: wako wanaouza vidonge na unga kwa jina la "seli shina". Seli shina ya kuponya selimundu haimezwi kwa maji. Anayekuuzia kopo akisema hivyo anakuuzia uongo.

Sheria yasemaje?

Wako wanaouliza kama inajuzu kumtia mtu uloto wa mwenziwe. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jedda mwaka 1988, ilijuzisha kutoa kwa mtu aliye hai kile ambacho mwili hukirudisha, mfano wa damu na ngozi, madhali mtoaji ametimiza sifa za kisheria. Na Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka, mwaka 2003, lilijuzisha tiba ya seli shina zitokazo kwa watu wazima wenye hiari, na zitokazo katika kitovu na kondo la nyuma. Ikiwa mtoaji ni mtoto mdogo, wazazi wasiamue peke yao, bali wakae na mwanachuoni na daktari pamoja. Mtume wetu (s.a.w.) alitufunza kwamba kila maradhi yana dawa, akatuamuru tuitafute. Kuitafuta si kupungukiwa na tawakali.

Lililo mikononi mwetu

Watoto wengi hawatafika Dodoma leo wala kesho. Je, waachwe? Hasha! Mtoto akipimwa mapema, akapewa penisilini na foliki asidi, akalala ndani ya chandarua, akanywa maji mengi katika jua la Kishapu na kufunikwa vyema wakati wa baridi, huweza kukua. Iko na dawa ya haidroksiyurea, ambayo hupunguza maumivu, nayo hutolewa kwa uangalizi wa daktari. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, hospitali ya Bugando, Mwanza, ina kliniki ya maradhi haya.

Nanyi vijana mnaotaka kuoana, pimeni damu kwanza. Wakioana wawili waliobeba kasoro hii, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Saudi Arabia imeufanya upimaji huo kuwa lazima kabla ya ndoa tangu mwaka 2004. Kwetu si lazima, lakini ni busara.

Na jamaa wa misikiti, je, hatuwezi kuweka mfuko wa nauli na bima kwa ajili ya mafukara wetu? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Sheria ni mlango, nao mlango hauna faida kwa asiyeweza kuufikia.

Tuliporudi Kishapu tulimweleza mzee haya yote. Alisikiliza hata mwisho, asitukatize. Kisha akauliza: "Basi kwanza ni kuwapima nduguze?" Tukamjibu: "Naam, mzee wetu, na mtoto aanze kliniki. Ng'ombe wangoje." Akatazama zizi lake, akasema: "Nitamwuza mmoja tu. Wa nauli ya Mwanza."

Mwenyezi Mungu amponye mtoto yule na watoto wote, na atujaalie sisi wazima tusiwasahau. Amin.