Deni halipandi ndege: hesabu za kuweka sawa kabla ya safari

Na Mwandishi Wetu

Msafiri wa pwani yetu haondoki kimyakimya. Awe wa Tanga mjini, Pangani, Muheza au vijiji vya Mkinga, siku mbili tatu kabla ya safari huzunguka nyumba kwa nyumba kuaga. Wazee humwombea dua, naye huinamisha kichwa na kusema, “Nipeni radhi, tumekaa mengi, na kukoseana ni ubinadamu.” Wote humwitikia, “Tumekuwia radhi, Mwenyezi Mungu akufikishe salama.” Kisha hupanda basi pale Kange kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko ndege humchukua hadi Muscat, Dubai, Doha au Riyadh.

Hiyo ni ada njema, nayo haifai kuachwa. Lakini katika radhi zile mna jambo moja ambalo aghalabu halitajwi, nalo ni deni. Mwenye duka aliyemwandika daftarini, kijumbe wa upatu, mdhamini wake katika kikoba, wote humwitikia radhi, kwani ni nani atakayemdai mtu mbele ya mama yake anayelia? Hata hivyo radhi ya kuagana si msamaha wa deni. Haki ya mja haiondoki ila kwa kulipwa, au kwa mwenyewe kuisamehe kwa hiari yake hali anajua anasamehe nini. Msafiri huruka angani, deni likabaki mtaani, na baada ya miezi michache hupiga hodi kwenye mlango wa mama yake.

Safari iliyotangulizwa na amana

Safari kubwa kuliko zote katika historia ya Uislamu ni Hijra ya Mtume (s.a.w.) kutoka Makka kwenda Madina. Alitoka usiku, maadui wamemzunguka, roho yake ikiwindwa. Lakini watu wa Makka, hata wale waliompinga, walikuwa wakiweka amana zao kwake kwa sababu ya uaminifu wake. Basi alimwacha Ali bin Abi Talib (r.a.) abaki nyuma ili azirudishe amana hizo kwa wenyewe. Ali akakaa Makka siku tatu, akamrudishia kila mwenye haki haki yake, ndipo akafuata.

Tuizingatie hali ile. Kama pangekuwapo msafiri mwenye udhuru wa kuondoka bila kufunga hesabu, angekuwa yeye, tena mali zenyewe zilikuwa za watu waliomtoa katika mji wake. Hakuutumia udhuru huo, bali alimwachia mtu maalumu kazi maalumu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea katika pwani yetu, wameeleza kwamba mwenye deni lililofika muda wake, naye ana uwezo wa kulipa, mdai wake ana haki ya kumzuia asisafiri mpaka amlipe au aweke wakala wa kumlipia. Kuaga kwa mdai, basi, kunatakiwa kuwe ni kuaga kwa hesabu.

Safari na mkopo si mambo mapya kwetu. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mlango wa misafara ya bara, na wafanyabiashara wengi walichukua bidhaa kwa mkopo wakitarajia kulipa watakaporudi na pembe. Wahenga wametuachia msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Andika kabla ya kufunga begi

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni. Ndani yake Allah (s.w.) anawaamrisha waumini wanapokopeshana kwa muda maalumu waandike, wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa, na waweke mashahidi. Hatua ya kwanza ya msafiri, basi, ni kalamu na karatasi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Dada mmoja wa Makorora amepata mkataba wa miaka miwili Oman. Akiulizwa madeni yake, hujibu kuwa ana vijideni vidogo vidogo. Anapoketi kuandika, mambo huwa hivi: dukani anadaiwa shilingi 85,000. Katika upatu wa watu 12 wa shilingi 50,000 kwa mwezi, alipokea zamu ya tatu, kwa hiyo bado ana michango tisa, yaani shilingi 450,000. Katika kikoba amebakiza marejesho ya shilingi 600,000. Kaka yake amemkopesha shilingi 700,000 za pasipoti, vipimo na nauli. Jumla ni shilingi 1,835,000. Wengi husahau kwamba aliyekwisha kupokea zamu ya upatu ni mdaiwa wa wenzake wote waliobaki nyuma yake. Akiondoka bila kupanga, kijumbe ndiye atakayebeba lawama.

Baada ya kuandika, msafiri amwendee kila mdai, amweleze anakokwenda, na wakubaliane tarehe mpya inayowezekana. Asiahidi kulipa kuanzia mshahara wa kwanza. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Novemba 2017 kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, lilieleza visa vya pasipoti kuzuiliwa, mishahara kukatwa au kutolipwa, na waajiri kudai warudishiwe gharama za kumleta mfanyakazi kabla ya kumruhusu aondoke. Si kila mwajiri yuko hivyo, na wengi wamefanya kazi wakarudi salama. Lakini mwenye busara hupanga marejesho yake yaanze mwezi wa tatu au wa nne, na hupita kwa mawakala waliosajiliwa kisheria, ili mkataba wake ujulikane.

Yapo mambo mawili ya kujihadhari nayo. La kwanza ni mikopo ya “kausha damu” inayochukuliwa kwa pupa ili kukamilisha safari. Hiyo ni riba iliyoharamishwa waziwazi, na mkopaji huanza kazi ugenini akiwa tayari amekwisha kuuza jasho lake. La pili ni mdai kusema, “Sasa unakwenda Uarabuni, basi laki tano zangu nirudishie laki saba.” Ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, hata kama mdai ni shangazi. Deni lililokopwa kwa shilingi hulipwa kwa shilingi kiasi kile kile. Mdaiwa akipenda kuongeza kwa hiari yake wakati wa kulipa, bila sharti, huo ni wema wa kulipa ambao Mtume (s.a.w.) ameusifu.

Aliyekopa benki kwa dhamana ya mshahara naye asidhani kuwa kuacha kazi kunazima mkopo. Mshahara ukikoma kupita, makato hukoma, marejesho huanza kuchelewa, na taarifa zake hufika katika taasisi za taarifa za mikopo. Aende benki kabla ya safari, aombe maandishi ya salio la deni na wapange njia mpya ya kulipa. Kadhalika mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haufutwi na kuhama nchi.

Akaunti na laini ya simu

Siku hizi ufunguo wa akaunti ya benki ni namba ya simu. Benki hutuma namba ya siri ya muda kwenye laini iliyosajiliwa, na bila hiyo mwenye akaunti aliye Muscat hawezi kuigusa fedha yake. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake yaweza kupewa mtu mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuondoka ulizia benki kama waweza kusajili namba ya nje, na ulizia kampuni ya simu namna ya kuitumia laini yako ukiwa ugenini, na baada ya muda gani bila matumizi hufungwa. Ulizia pia benki akaunti isiyo na miamala husimamishwa baada ya muda gani, na hufufuliwa kwa utaratibu upi. Akaunti usizozihitaji zifunge. Ibaki moja unayoijua vizuri.

Wengi humwachia mdogo wao laini pamoja na namba ya siri “ili apokee fedha.” Hapa pana hatari. Laini imesajiliwa kwa alama zako za vidole na namba yako ya NIDA. Mikopo ya simu itakayochukuliwa humo ni deni lako, na uovu utakaofanywa kwa namba hiyo utakutafuta wewe. Ni bora ndugu apokee fedha kwa laini yake mwenyewe, nawe ubaki na kumbukumbu za ulichotuma.

Kama ipo haja ya mtu kukutolea fedha au kukulipia madeni, mpe uwakili wa maandishi kwa wakili, ukitaja anachoruhusiwa na asichoruhusiwa. Ukiwa umekwisha kusafiri, ulizia ubalozi wetu ulio karibu nawe namna ya kuithibitisha hati hiyo. Familia nyingine hufungua akaunti ya pamoja inayotaka saini mbili, nayo ni njia nzuri ya kumlinda ndugu na vishawishi na kumlinda msafiri na dhana mbaya.

Na kwa kuwa fedha hiyo itakaa muda mrefu, iwekwe mahali pasipo na riba. Amana Bank, iliyoanza mwaka 2011, huendeshwa yote kwa misingi ya sharia, na benki nyingine kama NBC, CRDB na Benki ya Watu wa Zanzibar zina huduma za Kiislamu.

Zawadi, amana au karadha?

Ugomvi mwingi wa waliorudi kutoka ng'ambo hautokani na wizi, bali na fedha isiyokuwa na jina. Kijana hutuma shilingi laki tatu kila mwezi kwa kaka yake. Kwake yeye hizo ni fedha za kiwanja. Kaka anazielewa kuwa ni msaada kwa familia. Amewalipia wadogo ada, amemtibu baba, na kwa kilichobaki amenunua kiwanja Pongwe kwa jina lake. Miaka mitano baadaye wanakutana mbele ya wazee, na kila mmoja ni mkweli kwa anavyojua.

Sharia inatofautisha. Zawadi ikipokewa ni mali ya aliyepewa. Amana ni mali ya mwenyewe, na aliyeishika haruhusiwi kuitumia bila ruhusa. Karadha ni deni lenye kulipwa. Uwakili ni kufanya jambo kwa niaba ya mwenye mali, na kinachonunuliwa ni chake mwenye mali. Basi kila fedha inapotumwa ifuatane na ujumbe mfupi wa maandishi: “Hizi laki moja ni matumizi ya mama. Hizi laki mbili ni za kiwanja changu, nunua kwa jina langu.” Na anayepokea ajibu, “Nimepokea, nimeelewa.” Jumbe hizo zihifadhiwe. Haya si kumdhania ndugu vibaya, kwani Aliyetuamrisha kuandika ndiye anayezijua nyoyo zetu.

Mauti hayangoji mkataba uishe

Tusilikwepe hili. Msafiri aweza kufia ugenini, na aliyemshikia mali aweza kutangulia yeye. Uwakili hukoma kwa kifo. Kuanzia saa ile kadi ya benki iliyo mkononi mwa ndugu haina ruhusa tena, hata kama namba ya siri anaijua. Mali ni ya warithi, na njia yake ni kumweka msimamizi wa mirathi mahakamani. Na kiwanja kilichoandikwa kwa jina la kaka, kaka akifa bila maandishi, watoto wake watakiona ni cha baba yao, na hawatakuwa na makosa kudhani hivyo.

Tanga ina bahati ya kuwa na urithi wa elimu hii: Sheikh Ali Hemed al-Buhry, kadhi na mwanachuoni wa hapa, aliandika kitabu cha Mirathi kilichotumika sana zama zake. Mpangilio wa sharia haujabadilika: baada ya gharama za maziko hulipwa madeni, kisha wasia, ndipo warithi wagawane. Imesimuliwa katika Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu aliyedaiwa dinari tatu na hakuacha cha kulipia. Akawaambia masahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolichukua deni lile juu yake.

Katika Bukhari pia kimo kisa cha Zubayr bin al-Awwam (r.a.). Siku ya vita vya Jamal alimwita mwanawe Abdallah akamuusia juu ya madeni yake, na yalipohesabiwa yalifika milioni mbili na laki mbili. Abdallah aliuza ardhi akalipa. Ndugu zake walipotaka urithi ugawanywe, alikataa mpaka atangaze katika msimu wa Hija, miaka minne mfululizo, kwamba mwenye kumdai Zubayr ajitokeze. Aliweza kulipa kwa sababu baba yake alimwambia. Wangapi kati yetu wamewaambia watoto wao?

Kwa wanaobaki

Neno la mwisho ni kwa wadai. Msafiri akikwama kweli, mshahara haukulipwa au amerudishwa mikono mitupu, Qur'an katika aya ya 280 ya sura hiyo hiyo inataka mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka afarijike, na kumsamehe ni kheri zaidi. Asiandamwe mama yake, asiaibishwe mtaani. Wazazi nao wasimsukume mtoto kwa orodha ya haja zisizokwisha kabla hajapata mshahara wa kwanza.

Basi jioni moja kabla ya safari, kabla ya dua ya kuaga, familia ikae. Madeni yaandikwe, na wanaodaiwa na msafiri waandikwe pia. Namba za akaunti, jina la wakala, nakala ya pasipoti na mkataba viwekwe pamoja na wasia. Nakala moja abaki nayo anayeaminiwa, nyingine aende nayo msafiri, na wawili washuhudie. Kisha aagwe kwa dua, na atakapoambiwa “tumekuwia radhi,” liwe ni neno lenye ukweli ndani yake.

Wabillahi tawfiq.