Mwendo wa Ndege na Hesabu ya Saa

Leo tutaeleza jambo linalowatatiza wengi huku Uchagani: safari ya ndege kutoka Amsterdam, mji wa Uholanzi, hata Kilimanjaro ni ya saa ngapi?

Tuseme mama mmoja wa Marangu ana mwana asomaye huko. Mwezi wa Januari apata habari: "Mama, nitaondoka kesho saa nne asubuhi. Safari ni ya saa nane na nusu." Mama ahesabu, apata saa kumi na mbili na nusu jioni. Akodi gari, ateremka hata kiwanja cha ndege. Saa hiyo yafika, ndege haipo. Giza laingia, naye aanza kulia, akidhani mwanawe amepotea. Basi, ni nani aliyekosa?

Kwanza, tutazame umbali. Mwendo wa angani hupimwa moja kwa moja, kama arukavyo mwewe. Barabara ya Moshi kwenda Dar es Salaam hupita kando ya milima ya Upare, nayo ni kama kilomita 560. Lakini angani, kutoka kiwanja cha Kilimanjaro, ni kama kilomita 450 tu. Vivyo hivyo Amsterdam hata kiwanja chetu, kilichofunguliwa mwaka 1971, ni kama kilomita 6,900. Ndege kubwa huenda kama kilomita 850 kwa saa moja. Ukigawanya utapata saa nane na kidogo. Ongeza muda wa kupaa na kutua. Kumbe mwana alisema kweli.

Pili, tutazame jua. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo jua hutuchea sisi kabla ya watu wa Uholanzi. Januari saa zao zi nyuma ya zetu kwa saa mbili. Wakati wa joto wao husogeza saa zao mbele, na tofauti huwa saa moja. Basi mwana alipoondoka saa nne asubuhi ya huko, Marangu ilikuwa saa sita mchana. Ongeza saa nane na nusu: atafika saa mbili na nusu usiku.

Mwaka 1932, ndege za Imperial Airways zilipoanza kwenda kutoka London hata Cape Town, Moshi ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Safari nzima ilichukua siku kama 11, na mahali pengine abiria walipanda gari la moshi. Umbali haukupungua tangu siku zile. Muda ndio uliopungua.

Basi mtu akikuambia saa ya safari yake, usianze kuhesabu mpaka umemwuliza: "Saa hiyo ni ya huko, au ya kwetu?" Neno hilo moja lingalimwokoa mama yule na machozi ya saa mbili.