Mighani au Mapisi? Kufundishia Historia ya Nchi kwa Masimulizi ya Isiolo

Utangulizi

Wanafunzi wetu wakiulizwa wataje mashujaa wa mighani, majibu huwa yale yale: Fumo Liyongo wa Waswahili, Lwanda Magere wa Waluo, Koitalel arap Samoei wa Wanandi, Mekatilili wa Menza wa Wagiriama. Majibu haya ni sahihi na mtahini huyatuza. Hata hivyo, mwalimu anayefundisha katika mtaa kama Chechelesi, mjini Isiolo, hugundua upesi kwamba orodha hii humpa mwanafunzi funzo jingine lisilo katika silabasi: kwamba mashujaa wa nchi hii walizaliwa kwingine.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa tofauti baina ya mighani na mapisi hueleweka vyema mwanafunzi anapoanzia kwa tukio lililotokea karibu naye, hasa lile ambalo wazee bado hawajakubaliana jinsi ya kulisimulia. Mfano utakaotumika ni kifo cha Daudi Dabasso Wabera.

Usuli wa kihistoria

Ni vigumu kuhakiki masimulizi ya Isiolo bila kuielewa mandhari yake. Wakati wa ukoloni, mji huu ulikuwa makao ya utawala wa eneo la mpaka wa kaskazini, ambalo wengi hulijua kwa kifupi chake, NFD. Sheria ya mwaka 1902 iliipa serikali uwezo wa kufunga wilaya za pembezoni, na NFD ikafungwa. Aliyetaka kuingia alihitaji kibali. Sheria nyingine ya mwaka 1934 ilizidisha udhibiti wa nyendo za wafugaji na mifugo yao. Isiolo ikawa lango. Hadi miaka ya karibuni, msafiri wa kutoka Marsabit au Moyale aliyeelekea Nairobi aliweza kusema "naenda Kenya", na wenzake wakamwelewa bila maelezo zaidi.

Aidha, mji wenyewe ni wa jamii nyingi. Wamo Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengineo. Baadhi ya familia za Kisomali ni uzao wa askari waliowatumikia Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia kisha wakapewa makazi hapa. Katika darasa moja la Chechelesi, kwa hivyo, huweza kuketi wajukuu wa watu waliokuwa pande tofauti za tukio moja.

Jina na mtu

Wakaaji wengi wa Nairobi wameupita mtaa wa Wabera katikati ya jiji bila kujiuliza Wabera alikuwa nani. Isiolo nako kuna wadi yenye jina hilo. Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo. Tarehe 28 Juni 1963, mwezi mmoja haujatimia tangu Madaraka, aliuawa kwa risasi katika eneo la Modogashe pamoja na Chifu Haji Galma Dido wa Waborana. Waliowaua walihusishwa na harakati za kutaka eneo hilo lijitenge na Kenya na kujiunga na Somalia. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tume iliyotumwa kukusanya maoni ilikuwa imebaini kuwa wakazi wengi wa NFD walitaka kujitenga. Wabera na Galma Dido walishikilia msimamo wa kubaki Kenya.

Inafaa mwanafunzi ajiulize swali hili: mbona ulimwengu uliisikia Isiolo kwanza kupitia kwa simba? Elsa, simba aliyelelewa na Joy na George Adamson walipokuwa wakiishi hapa, aliandikiwa kitabu kilichotoka mwaka 1960 na filamu ikafuata mwaka 1966. Wabera na Galma Dido hawakupata mwandishi wa kiwango hicho. Wamebaki katika majina ya mahali na vinywani mwa wazee. Huo ndio uwanja wa fasihi simulizi.

Mighani au mapisi?

Mapisi ni masimulizi ya matukio ya kweli ya kihistoria: huwa na wakati, mahali na wahusika wanaoweza kuthibitishwa. Mighani huanzia kwa mtu aliyeishi au anayeaminika kuwa aliishi, lakini humkuza. Shujaa hupewa uwezo usio wa kawaida, huwa na siri au udhaifu, husalitiwa na mtu wa karibu, na kifo chake huiachia jamii wasia.

Sasa mwanafunzi aupime mfano wetu. Tarehe, mahali na vyeo vinathibitika, na kwa hiyo kiini cha masimulizi ni mapisi. Lakini asikilize jinsi yanavyosimuliwa. Je, msimulizi anasema shujaa alionywa asisafiri, naye akakataa? Je, kuna msaliti? Je, kuna maneno ya mwisho ambayo hapakuwa na mtu wa kuyasikia? Kila anapokutana na kipengele cha namna hii, ayaweke masimulizi hatua moja karibu na mighani. Lengo hapa si kumwita mzee mwongo. Fanani hukuza anachotaka hadhira yake ikithamini, na kazi ya mhakiki ni kutambua amekuza nini na kwa nini.

Ebrahim Hussein anatusaidia katika jambo hili. Katika utangulizi wa tamthilia yake Kinjeketile (1969), anatenganisha mhusika wake na Kinjikitile wa historia, yule wa Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Mwandishi anajua mahali historia inapokomea na ubunifu unapoanzia. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anahitaji kuujua mpaka huo huo.

Upande usiosimuliwa

Yapo masimulizi mengine ya miaka hiyo ambayo hayana shujaa. Mnamo Desemba 1963 serikali ilitangaza hali ya hatari kaskazini, na vita vilivyofuata vilidumu hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Katika vita hivyo raia walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na majeshi, Garba Tulla na Merti vikiwamo, na mifugo mingi ikapotea. Waborana wa Isiolo hukiita kipindi hicho gaafa Daba, yaani wakati wa kusimamishwa. Sheria ya mwaka 1970 iliwakinga maafisa wa serikali dhidi ya kushtakiwa kwa matendo yao ya wakati huo, na sauti za waathiriwa zilikawia sana kusikika hadharani. Ripoti ya tume ya ukweli na haki ya mwaka 2013 iliyagusa kwa mapana.

Hapa pana suala la msamiati pia. Neno "shifta" lina asili ya Uhabeshi, na maana yake ni mhalifu au jambazi wa nyikani. Katika miaka hiyo lilitumiwa kwa wapiganaji, kisha likaenea hadi kwa yeyote wa kutoka kaskazini. Nimewahi kusikia mwanafunzi akimwita mwenzake hivyo kwa utani, na aliyeitwa hakucheka. Mwanafunzi anayeweza kueleza jinsi neno lilivyohama kutoka kwa mtu mwenye bunduki hadi kwa jirani wa dawati amejifunza semantiki, na zaidi ya semantiki.

Darasani

Mwalimu mwenzangu anaweza kufuata hatua hizi:

1. Wanafunzi waorodheshe majina ya mitaa, shule na barabara za eneo lao, kisha wachague jina moja la mtu.

2. Wafanye utafiti nyanjani kwa kumhoji mzee mmoja mmoja. Waombe idhini, wasirekodi bila ruhusa, na wamkubalie anayekataa. Wengine wamekaa kimya kwa zaidi ya miaka sitini kwa sababu wanazozijua wenyewe.

3. Walinganishe masimulizi mawili ya tukio moja: nani anasimulia, anamsimulia nani, anaanzia wapi, anaacha nini.

4. Wayathibitishe yanayothibitika, hasa tarehe na mahali, kabla ya kuyaainisha kuwa mapisi au mighani.

Tahadhari moja ni muhimu. Mwalimu asimwite mwanafunzi kusema "kwa niaba ya jamii yake". Masimulizi yasomwe kama matini, na majina ya waliohojiwa yafichwe.

Vilevile tusiwafunge wanafunzi kwa wafu na wanaume pekee. Mwaka 2017 Fatuma Dullo wa Isiolo alikuwa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa na wapiga kura kuingia katika Seneti ya Kenya. Zikitungwa nyimbo na sifo juu ya waanzilishi wa namna hii, wanafunzi wetu watakuwa wameuona utunzi wa mighani ukianza.

Hitimisho

Aliyekuwa na umri wa miaka ishirini mwaka 1963 sasa amevuka themanini. Masimulizi yake hayamo katika maktaba za shule zetu, na mengi hayataingia humo asipopatikana wa kuyaandika. Silabasi imetupa nafasi kupitia utafiti nyanjani. Tukiitumia vyema, mtahiniwa wa Chechelesi ataeleza tofauti ya mighani na mapisi kwa mfano alioukusanya mwenyewe, na Liyongo atabaki kuwa mfano wa pili.