Upendeleo Tusioujua: Je, Waweza Kupimwa?

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Handeni anayesahihisha insha. Juu ya karatasi ya kwanza aona jina la mwanafunzi hodari. Juu ya pili, jina la yule asinziaye darasani. Insha zaweza kulingana kwa ubora, na bado alama zikatofautiana. Mwalimu huyu hana hila wala chuki. Akili yake imezoea kuambatanisha jina na matarajio, nayo hufanya hivyo kabla yeye mwenyewe hajafikiri. Huo ndio upendeleo usiotambuliwa na mwenye nao.

Mwaka 1998 mwanasaikolojia Anthony Greenwald na wenzake, huko Marekani, walitangaza jaribio la kuupima. Mtu huketi mbele ya kompyuta akipanga picha na maneno kwa kubonyeza vitufe viwili. Kwa mfano, nyuso za vijana na maneno mema hupewa kitufe kimoja, nyuso za wazee na maneno mabaya kitufe cha pili. Kisha mpango hugeuzwa. Kasi ya kujibu hupimwa kwa elfu za sekunde. Mpango mmoja ukimwendea upesi kuliko mwingine, yakisiwa kuwa mambo hayo yamekwisha kushikamana akilini mwake.

Hata hivyo, mtu yule yule akirudia jaribio siku nyingine aweza kupata matokeo tofauti, nayo hubashiri kidogo tu matendo yake. Kwa hiyo kipimo hiki chafaa zaidi kueleza mwelekeo wa kundi kubwa kuliko kumhukumu mtu mmoja.

Dawa ya hakika ni kukificha kile kiamshacho upendeleo. Katika jaribio la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, lililofanywa kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 barani Afrika, kimojawapo Korogwe, watoto zaidi ya 15,000 walishiriki. Baadhi walipewa chanjo hiyo, wengine chanjo ya maradhi mengine. Wazazi hawakujua nani kapewa ipi, wala waliowachunguza watoto hawakujua. Lau daktari angalijua, huenda angaliipuuza homa ya mtoto aliyechanjwa.

Walimu nao waweza kujaribu. Mwalimu wa Handeni akiisha kusahihisha, ampelekee mwenzake wa Korogwe nakala za insha zile zile zisizo na alama, zenye namba badala ya majina. Kisha wasitazame nani kati yao ni mkali zaidi, bali ni wanafunzi gani waliopanda au kushuka majina yao yalipofichwa.